Nani Alimlea Mtoto wa Felisita?

Leo tuanzie kwenye jiwe.

Mwaka 1907, huko Karthago katika nchi ya Tunisia, padri Mfaransa aitwaye Alfred Louis Delattre alikuwa akichimbua magofu ya kanisa la kale. Akaokota vipande vya jiwe lenye maandishi, akaviunga, yakasomeka majina ya mashahidi wa imani, Perpetua na Felisita wakiwamo. Delattre alikuwa wa shirika la Mapadri Weupe, lilelile lililotuma watu wake wa kwanza kutoka Bagamoyo mwaka 1878, wakaifuata njia ya misafara mpaka hapa kwetu Tabora.

Wanawake hao waliuawa mwaka 203. Perpetua alikuwa na miaka 22 hivi, ananyonyesha. Simulizi yake ya gerezani ipo hadi leo, na kwayo wataalamu wanachungulia nyumba ya enzi zile. Baba yake, mzee wa mvi, anamwangukia miguuni, anambusu mikono. Hamwiti tena mwanangu, anamwita bibi. Anamsihi amwonee huruma mtoto wake mchanga. Mume wa Perpetua hatajwi hata mara moja, na wataalamu bado wanajiuliza kwa nini.

Felisita yeye alikuwa mtumwa, mja mzito wa miezi minane. Akajifungulia mlemle gerezani, mtoto wa kike. Dada mmoja wa imani akamchukua, akamlea kama binti yake wa kumzaa.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito. Tabora nayo, enzi za misafara, ilikuwa soko la pembe za ndovu na la watu. Watoto walifika hapa bila mama, bila hata jina la kwao. Miaka ya 1880, Mapadri Weupe waliwalea pale Kipalapala watoto waliokombolewa utumwani. Adrien Atiman naye, mzaliwa wa mbali huko Afrika Magharibi, alikombolewa akiwa mtoto. Akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akaoa, akatibu watu, akazikwa hukohuko mwaka 1956. Historia ya Kanisa tumezoea kuisoma kwa majina ya maaskofu. Waliolea hawajaandikwa.

Basi, msikilizaji, kama bibi yako yu hai, mwendee leo. Muulize yeye alilelewa na nani, na mama yake je. Akikutajia jina, liandike kwenye daftari.