Mionzi au Kisu: Tiba ya Plazimasaitoma ya Kichwa na Shingo



Seli plazima ndizo zinazotengeneza kingamwili, na makazi yake makuu ni uboho. Zikigeuka saratani na kutapakaa mifupani, tunaita mailoma. Mara chache sana hujikusanya nje ya mfupa na kufanya uvimbe mmoja tu, yaani plazimasaitoma. Takriban 80% ya vivimbe hivyo hutokea kichwani na shingoni. Mgonjwa, mara nyingi mwanamume aliyevuka miaka 50, huja analalamika pua imeziba upande mmoja au inatoka damu kila mara.

Tumpeleke wapi? Msimamo wangu ni mionzi kwanza, isipokuwa uvimbe ni mdogo na unaweza kutolewa wote bila kuharibu uso, sauti au umezaji.

Seli hizi hazistahimili mionzi. Dozi ya grei 40 hadi 50, ikitolewa grei 1.8 au 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, huudhibiti uvimbe pale ulipo kwa zaidi ya 80% ya wagonjwa. Kabla ya kuanza, bamba la plastiki hulainishwa kwenye maji ya moto, likalazwa usoni mwa mgonjwa hadi lipoe na kuwa barakoa yenye umbo lake. Kila siku mgonjwa hufungwa mezani kwa barakoa hiyo ili kichwa kisisogee. Wapo wanaoogopa kufunikwa hivyo, na dakika chache za kuwaeleza mapema huwaokoa na hofu kubwa. Gharama ya mionzi ni vidonda vya kinywa, mate kukauka na meno kuoza. Kwa hiyo daktari wa meno aitwe mwanzoni.

Watetezi wa upasuaji hutaja mapitio ya Alexiou na wenzake ya mwaka 1999, yaliyokusanya machapisho zaidi ya 400 tangu 1905. Humo, waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi walionekana kuishi muda mrefu kuliko waliopata tiba moja. Nawasihi tuyasome kwa uangalifu. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura: anayefikishwa kwa mpasuaji mara nyingi ni yule ambaye uvimbe wake unafikika, na huyo alikuwa na nafuu kabla kisu hakijamgusa. Pale kingo za nyama iliyokatwa zinapokuwa safi, upasuaji peke yake waweza kutosha. Zikiwa na mabaki ya ugonjwa, mionzi ifuate.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo jingine: mashine. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, katika Hospitali ya Mulago, iliharibika, na wagonjwa wengine wakalazimika kwenda Nairobi. Mgonjwa wa mbali mwenye uvimbe mdogo unaotoka wote asilazimishwe kuhama nyumbani wiki tano. Lakini umbali usiwe kisingizio cha kumkata mtu nusu ya taya.

Tiba zote mbili hutibu mahali pamoja tu. Kwa hiyo uboho upimwe kabla ya uamuzi, pamoja na picha za mifupa na protini za damu na mkojo, kwa sababu aliye na mailoma tayari anahitaji dawa za mwili mzima. Na hata aliyepona pua aendelee kuitwa kliniki kupimwa protini kwa miaka mingi: mailoma yaweza kujitokeza baadaye.