Hekima Haichimbwi Ardhini



Sisi tuishio hapa Bujora, katikati ya majabali, tumezoea kuyaona mawe kuwa vitu vilivyotulia tangu mwanzo. Kumbe miamba ya kanda yetu ina historia ya moto na maji. Zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, maji yenye joto la mamia ya nyuzi yalipanda kutoka vilindini mwa ardhi, yakapenya katika nyufa za miamba. Yalibeba dhahabu iliyoyeyuka, ikiwa imeshikamana na salfa. Huko Geita maji hayo yalikutana na miamba yenye chuma. Chuma kikaichukua salfa. Nayo dhahabu, ikiwa imekosa mbebaji wake, ikatua mwambani chembe kwa chembe. Huko Bulyanhulu iliachwa katika mikanda ya jiwe jeupe liitwalo kwatsi. Hakuna mwanadamu aliyeishuhudia kazi hiyo. Ni karama tuliyowekewa akiba.

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, chawasifu wachimbaji wathubutuo kushuka gizani, kisha chauliza: hekima yapatikana wapi? Swali hilo latuhusu. Wachimbaji wadogo wengi hunasa chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha hulichoma donge lile ili zebaki itoke kwa mvuke. Mvuke huo hauonekani, lakini hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi. Zebaki imwagikayo mtoni hugeuka sumu na kuingia katika samaki tunaowala. Maji ya kale yalituletea dhahabu. Nasi, kwa ajili ya dhahabu hiyo hiyo, twayatia sumu maji ya leo.

Tusiwahukumu wanaotafuta ada ya shule kwa jasho lao. Tuwasaidie. Donge lisichomwe jikoni, wala karibu na watoto na wajawazito. Kitumike chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke. Nanyi makatekista, lisemeni jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata ili kupunguza matumizi ya zebaki. Lakini ahadi hiyo hutimizwa penye karai la mchimbaji.

Ndugu zangu, dhahabu imengoja mwambani miaka isiyohesabika; yaweza kungoja hadi tupate njia iliyo salama. Afya ya mtoto ikiisha kuharibika, hainunuliwi tena kwa dhahabu yoyote.

Mungu Mwenyezi awabariki. Amina.