Kiraka Kipya katika Gari Kuukuu



Nyumba nyingine hurithi shamba, nyingine hurithi gari. Leo nasema hasa na wale walioachiwa Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962. Siku hizi wako watu, Ulaya na Marekani hasa, wanaoing'oa injini hiyo nyumbani kwao na kutia mota ya umeme mahali pake. Jambo hilo laweza kufanywa vema, lakini si kwa pupa.

Injini yenyewe hutoka kwa urahisi, kwani imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Fundi huchonga bamba la kuunganisha mota na giaboksi ileile, na hapo ndipo wengi hushangilia mapema mno. Yesu alipotaja kiraka kipya juu ya vazi kuukuu, alijua kwamba kipya huvuta na la kale huchanika. Mwaka 2019 kampuni ya Volkswagen yenyewe ilionyesha gari la namna hii, lenye betri ya kilowati-saa 36.8. Liliweza kwenda kilomita kama 200 kwa chaji moja. Lakini uzito wake ulifika kilo 1,280, na gari la asili lilikuwa na kilo kama 800. Ndiyo maana iliwabidi kuimarisha chasisi na breki. Anayepakia betri na kuziacha breki za mwaka 1965 kama zilivyo, anawapandisha watoto wake katika gari ambalo siku moja litakataa kusimama.

Tena kuna hatari isiyoonekana. Petroli ukiimwaga, imekwisha. Betri haimwagwi: hata swichi ikizimwa, umeme ungali ndani ya seli zake ukingoja. Umeme wa betri unaozidi volti 60 tayari huhesabiwa kuwa wa hatari, na magari mengi ya umeme yana volti mamia. Basi zivaliwe glovu za mpira za mafundi umeme, zitumike spana zilizovikwa mpira, na mwenzako awe karibu. Saa na pete zivuliwe, hata pete ya ndoa. Mama hatanuna akielezwa sababu. Na kazi ya kuunganisha betri yenyewe aachiwe mtu aliyeisomea. Kujivuna mahali hapa huacha wajane.

Kuchaji kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, inayotoa kilowati zipatazo 3, betri kama ile huchukua zaidi ya saa kumi na mbili. Ni usiku mzima, umeme usipokatika.

Sasa, ile injini iliyotolewa iende wapi? Mwaka 2019 FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilieleza kwamba gari lililobadilishwa hivyo halihesabiwi tena kuwa la kihistoria. Wanaoazimia kuendelea hata hivyo lilishauri wafanye mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma, na kuvitunza vipande vyote vya asili. Wengine huona huo ni ukali. Mimi naona shirikisho lina haki nusu. Gari linalooza bandani, likitagiwa mayai na kuku, halimheshimu marehemu aliyelinunua kwa jasho. Afadhali litembee kwa umeme. Lakini kuikata bodi kwa msumeno ili betri ienee ni kuwaamulia wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Nafasi ipo pasipo kukata: mbele palipokuwa tangi la petroli, na nyuma ya kiti cha nyuma. Injini nayo isafishwe, ipakwe oili, ifungwe turubai. Namba yake iandikwe katika daftari la nyumba, na mwanao aonyeshwe mahali ilipo.