Ubongo Mmoja, Majibu Mawili

Kichupa cha dawa yenye florini-18 kikipakiwa kwenye basi Nairobi jioni, kikifika Nateete, Kampala, baada ya safari ya saa 12 kitakuwa kimebaki na takriban asilimia moja tu ya mionzi yake. Mionzi hiyo hupungua nusu kila dakika 110. Kwa hiyo jajja (bibi au babu) wa Nateete aliyeanza kupotea njia ya kurudi kutoka sokoni ndiye anayelazimika kuifuata Nairobi mashine ya PET, inayopiga picha kwa mionzi hiyo. Hata Nairobi kwenyewe, mashine hizo kazi yake kubwa ni saratani.

Kwa ugonjwa wa Alzaima, dawa inayotumika hunata kwenye mabaka ya protini iitwayo amiloidi. Ya kwanza yenye florini-18, florbetapiri, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, jopo la washauri lilikataa kuipitisha hivi hivi: wasomaji wa picha wafundishwe kwanza, maana macho tofauti yalikuwa yakitoa majibu tofauti.

Lakini lawama si ya macho peke yake, wasikilizaji. PET hunasa jozi za miale inayoruka pande mbili zinazokabiliana, kisha kompyuta hukokotoa ilikotoka na kuijenga picha. Hapo ndipo pana utata. Gamba la ubongo lina unene wa milimita 2 hadi 4, na mashine nyingi haziwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 4 au 5. Sehemu nyeupe iliyo chini yake hung'aa hata kwa mtu mzima wa afya, na mwanga wake huvuja kwenye gamba kama wino kwenye karatasi mbichi. Fundi akilainisha picha kupita kiasi, asiye na mabaka anaweza kuonekana anayo. Akirudia ukokotoaji mara nyingi mno, picha hujaa chenga. Mbinu mpya huingiza kwenye hesabu ukungu wa mashine yenyewe, au ramani ya ubongo kutoka MRI. Hunoa kingo, ingawa mbinu hizo nazo zikizidishwa huchora mng'ao usiokuwapo.

Jibu la picha hiyo lina uzito. Lekanemabu, dawa ya Alzaima iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, haitolewi kabla amiloidi haijathibitishwa. (Na wapo wazee wenye mabaka wasiosahau lolote.)

Madaktari wakibishana, picha inaweza kujengwa upya kutoka data ghafi ya mashine bila mgonjwa kudungwa tena. Ila CD ambayo familia hurudi nayo Kampala kwa kawaida huwa na picha zilizokwisha kujengwa tu. Data ghafi hubaki hospitali iliyopiga picha, ni nzito, na mara nyingi hufutwa. Ombi la kuitunza hufaa kutolewa siku ile ile ya kipimo.