Safari ya Gari-Nyumba katika Nchi ya Makorongo

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa chakula wa shule, usiku wa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya elimu na maendeleo ughaibuni. Niliketi mara tatu kuiandika hotuba hiyo na mara tatu nikasinzia mwenyewe, nikaona si haki kuwasinzisha na ninyi baada ya pilau. Kwa hiyo naomba ruhusa nisimulie safari moja tu. Kijana wangu, ambaye mtamsikia humu, amenipa idhini ya kuisimulia.

Mwezi wa Julai 2019 tulikodi gari-nyumba katika mji wa Las Vegas, huko Marekani. Kwa ambao hawajaliona, hilo ni gari la ukubwa wa basi dogo, lenye vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bomba la kuogea, vyote vimebanwa katika urefu wa futi 25. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 11, kijana wetu wa miaka 16, na mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani akiwa na miaka 72. Tuliishi humo siku 14, tukazunguka zaidi ya kilomita 2,000.

Mliokaa bwenini mtaelewa nikisema kwamba shida ya kwanza haikuwa barabara, ilikuwa zamu. Kila baada ya siku mbili au tatu maji machafu ya choo hayana budi kumwagwa kambini kwa mpira mnene, katika shimo lililowekwa kwa kazi hiyo, na lazima apatikane mtu wa kuushika huo mpira. Nikatunga orodha ya zamu, kama alivyofanya kiranja wetu wa usafi. Kijana aliitazama orodha, akalitazama jina lake, akarudi kusikiliza muziki.

Hapo ndipo nilipoanza kumsimulia shule hii. Nilimwambia kwamba nilipoingia Kidato cha Kwanza mwaka 1981 nilitembea kilomita 20 na sanduku kichwani, tangu pale basi liliposhindwa na matope hadi kwenye lango lile. Nilimwambia juu ya maji ya mtoni kabla ya mapambazuko, na maharage yenye wadudu. Kila siku nilizidisha chumvi. Naona ndugu zangu wa meza ile mmeanza kucheka. Nawaomba mngoje kidogo.

Kijana hakujibu. Tena hakuwa akimjibu hata bibi yake, kwa sababu nyingine: Kiswahili alikisikia lakini hakukisema, na mama yangu Kiingereza hakijui. Walikaa meza moja ndogo wakipitishiana sukari kwa ishara.

Tulianzia Zion, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1919, mahali ambapo mto mdogo uitwao Virgin umekata kuta za mawe mekundu zinazokushinda kuzitazama bila kuegemeza kichwa nyuma. Kutoka pale barabara hupita katika handaki la karibu kilomita 1.8 lililofunguliwa mwaka 1930, zama za magari madogo. Gari la kimo chetu lilikuwa halitoshi upande wake wa barabara, ikabidi tulipe dola 15, na walinzi wakasimamisha magari yote ya upande wa pili ili sisi tupite katikati. Mama aliitazama foleni ile ya magari yaliyotungoja, akajifunga vizuri khanga yake, akasema, "Kumbe leo sisi ndio msafara wa Rais."

Bryce Canyon nitaipita haraka, ingawa binti yangu atanilaumu. Wataalamu wanasema si korongo hasa, kwa maana haikuchimbwa na mto. Maji huingia katika nyufa za mawe, usiku hugandishwa na baridi, yakatanuka na kuupasua mwamba, na kazi hiyo hurudiwa usiku mwingi wa kila mwaka mpaka yamebaki maelfu ya minara myembamba, kama mishumaa ya udongo mwekundu.

Siku kadhaa baadaye tulifika Monument Valley, ambayo si mali ya Serikali ya Marekani bali ya Wanavajo wenyewe, walioifanya hifadhi yao mwaka 1958. Huko saa zilituchanganya. Jimbo la Arizona halisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, lakini Wanavajo waliomo ndani yake husogeza, na Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi. Mke wangu alibadili saa yake mara tatu. Mama, aliyekuwa bado na saa ya nyumbani mkononi, alisema yeye yake haijamdanganya hata mara moja.

Aliyetutembeza bondeni alikuwa kijana wa Kinavajo. Alitueleza kwamba katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitumia lugha yao kupeleka habari za siri, na Wajapani hawakuweza kuifumbua. Na kwamba askari wale wale, walipokuwa watoto, waliadhibiwa shuleni kwa kuisema. Nilimtafsiria mama. Aliuliza, "Na wewe si ulivishwa kile kibao shingoni?" Naam, nilivishwa, humu humu, siku mbili mfululizo, kwa kusema Kiswahili kwenye foleni ya uji. Kijana alitoa vile vidude masikioni akauliza kwa Kiingereza kibao ni kitu gani. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza jambo tangu Las Vegas, nami, badala ya kumwachia bibi yake alieleze, nililidaka mimi na kulifanya hadithi nyingine ya ushujaa wangu.

Tulivuka mto Colorado kando ya bwawa la Glen Canyon, ukuta wa saruji wenye kimo cha meta 216. Mto huo hutegemewa na watu wapatao milioni 40, wa mijini na mashambani, hata miaka mingi haufiki baharini. Mama aliuliza wale walio mwisho wa mto, upande wa Meksiko, wanakunywa nini. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Halafu Grand Canyon. Mwalimu wetu wa Jiografia alituchorea ubaoni kwa chaki za rangi nne, naye alikuwa hajaliona. Ndugu zangu, alilichora sawasawa, ila ubao haukutosha. Urefu wake kwa kufuata mto ni kilomita 446, upana hufika 29, na kina hupita kilomita moja na nusu. Ukisimama ukingo wa kusini, ukingo wa kaskazini uko kilomita 16 tu mbele ya macho yako, lakini kwa gari ni safari ya kilomita 340 hivi. Mwamba unaoukanyaga una miaka kama milioni 270, na ule wa chini kabisa, mweusi, umepita milioni 1,700. Katikati pana mahali ambapo tabaka moja limelala juu ya jingine na kati yake imepotea miaka zaidi ya milioni 1,000, kama daftari lililochanwa kurasa. Mto wenyewe ulianza kazi yake hapo kiasi cha miaka milioni 5 au 6 tu iliyopita.

Usiku ule tuligombana juu ya zamu ya choo. Nikamwambia mbele ya wote kwamba vijana wa siku hizi hawawezi kutembea hata kilomita 5. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Aliacha karatasi: amekwenda kutembea 20.

Alikuwa ameteremka njia iitwayo Bright Angel akiwa na chupa moja. Korongo, vijana, si mlima. Mlimani unapanda ukiwa na nguvu na kurudi kwa kuteremka. Korongoni huanza kukupa kilicho rahisi, halafu hukudai ukiwa umechoka, saa sita za mchana, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyoongezeka, hata chini hupita digrii 40. Kuna vibao vinavyoonya watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Watu wamekufa pale, na wengi wao walikuwa na afya nzuri.

Nilitaka kumfuata. Mama akanishika mkono, akasema, "Ukishuka na moyo wako huo nitangoja wawili." Tukatoa taarifa kwa walinzi, na mama akaketi juu ya jiwe pale njia inapoanzia, chupa ya maji mapajani.

Mlinzi mmoja, mama wa makamo, alikaa naye kidogo, nami nikawa mkalimani. Mama aliona miti mibichi chini kabisa akauliza nani analima kule. Mlinzi alieleza kwamba walilima Wahavasupai, hata Serikali ilipowaondoa. Wa mwisho alitolewa mwaka 1928. Mama alihamishwa na kijiji chake mwaka 1974, mimi nikiwa na miaka 8, akaiacha migomba iliyozaa. Aliuliza tu kama waliruhusiwa kuvuna kwanza. (Mahali pale pamerudishiwa jina la Wahavasupai mwaka 2022. Nilimpigia simu kumwambia.)

Kijana alifikia kwenye miti ile, kilomita 7 na kidogo, na akili zikamjia kabla hajaendelea mtoni. Wakati wa kupanda miguu ilimkataa. Wasafiri wawili, mtu na mkewe, walimlaza kivulini, wakampa biskuti za chumvi, kwa maana maji matupu bila chumvi nayo huweza kudhuru, wakapanda naye polepole kituo hata kituo. Alitokea jua likizama, uso mweupe kwa vumbi na chumvi ya jasho.

Alinipita. Alikwenda kuketi chini karibu na bibi yake, akanywa, na halafu akasema kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili, "Bibi. Baba alitembea kilomita 20 kweli?"

Mama ndiye aliyelifunga lile sanduku langu mwaka 1981. Alinitazama mimi kwanza.

"Tisa," akasema. "Na lori la shule lilimchukua njiani."

Wakaanza kucheka wote wawili, na mke wangu, na binti, wakacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Asubuhi yake zamu ya choo ilikuwa ya kijana. Nikaamka mapema, nikaushika mpira mwenyewe.