Mazungumzo kwa Wafugaji: Mabua, Yurea na Maksai wa Oktoba



Kitui na Makueni, mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ikianza, shamba linataka plau mara moja. Lakini huo ndio wakati maksai wamekonda kabisa, kwa sababu nyasi zilikwisha zamani na wamekuwa wakitafuna mabua makavu. Wanachoka kabla ya adhuhuri, na sehemu ya shamba hupandwa mvua ikiwa imekwisha songa. Kwa mvua fupi kama yetu, wiki moja ya kuchelewa ni gunia zilizopotea.

Bua la mahindi lina nguvu nyingi ndani yake. Shida ni kwamba nyuzinyuzi zake zimeshikwa na lignini, kitu kile kile kinachoufanya mti uwe mgumu. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe ndivyo vinavyovunja nyuzinyuzi hizo, navyo huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 hivi. Mabua huwa na 4 tu, au chini. Ndiyo maana ng'ombe anaonekana ameshiba na bado anakonda.

Yurea, mbolea ya dukani, husaidia pande zote mbili. Ikiyeyushwa na kufungiwa pamoja na mabua, hutoa gesi ya amonia inayolegeza lignini, na naitrojeni yake huwalisha vijidudu. Takriban miaka 100 iliyopita Mjerumani Ernst Beckmann alitumia soda kali kwa kazi hii, lakini soda hiyo huunguza mikono. Yurea ni nafuu kwa mkulima wa kawaida.

Kipimo ni kilo 4 za yurea katika lita 50 za maji kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa. Mabua hupangwa shimoni kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa na kukanyagwa, kisha hufunikwa kwa plastiki isiyopitisha hewa kwa siku 21. Yakifunuliwa yawe ya rangi ya kahawia na yenye harufu kali. Yenye ukungu hutupwa. Mazuri huanikwa siku nzima kabla ya kulishwa, na ng'ombe huzoeshwa kidogo kidogo.

Maksai wawili wanaokula kilo 6 kila mmoja kwa siku 90 wanahitaji kilo 1,080. Hapo mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na kubaki. Maji ni mitungi 27, safari saba za punda mwenye mitungi minne. Kwa hiyo kazi hii ifanywe Julai, silanga zikiwa bado na maji. Mwenye kungoja Septemba atayatoa maji hayo kwenye mdomo wa familia. Punda mwenyewe asipewe chakula hicho, yeye hacheui.

Hatari ipo, na isifichwe. Ng'ombe akinywa maji ya yurea yaliyoachwa kwenye ndoo, au akila yurea yenyewe, anaweza kufa chini ya saa moja: hutetemeka, hutoa povu, tumbo hujaa. Aitwe daktari wa mifugo mara moja; wakati wa kumngoja, siki iliyochanganywa na maji baridi hupunguza sumu. Ndama wa chini ya miezi sita wasilishwe kabisa. Na asiyeweza kupima kwa mizani asikisie kwa kiganja. Amwite afisa wa mifugo wa wadi mara ya kwanza.

Maganda na majani ya mbaazi, kunde na ndengu hayahitaji yurea. Hayo yana protini yake, yawekwe tu mahali pakavu. Yurea ni ya mabua ya mahindi, mtama na wimbi, yale ambayo kila Februari huachwa shambani yaliwe na mchwa.