Tairi kuukuu kwenye mteremko wa Newala

Tairi la lori huzeeka hata likiwa limeegeshwa. Joto, jua na hewa hukausha mpira, nao hupasuka nyufa ndogo ubavuni huku kashata zikiwa bado nene. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT, zipo tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uingereza, tangu Februari 2021, imepiga marufuku tairi za zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi.

Msimu wa korosho, malori hushuka na magunia kutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kuelekea Masasi. Kwenye mteremko breki huchemka, na moto wake huhamia kwenye rimu na tairi. Tairi lenye upepo pungufu huumia zaidi, kwa kuwa hujikunja kila linapozunguka. Likipasuka mbele, usukani huvutwa upande mmoja ghafla, na dereva hubaki na nafasi ndogo sana ya kujirekebisha.

Uvimbe, waya uliojitokeza au ufa mrefu ubavuni humaliza mjadala: tairi litolewe siku hiyo hiyo. Kuhamishia nyuma tairi la mbele lililochoka ni jambo la kawaida, lakini tairi lenye jeraha ubavuni halifai popote. Ukaguzi ufanyike kabla ya kupakia, tairi zikiwa baridi.